Ukubwa wa Lupango Usikudanganye

Feza mwanangu,

Mambo ya njiani sitayagusa. Tangu juzi mama yako anakuambia usinywe maji ya mto bila kuyachemsha, usilale karibu na injini, usimwonyeshe mtu simu yako, na nina hakika atayarudia yote kesho tukiwa kwenye mtumbwi, abiria wote wakisikia. Mwache. Ndiyo namna yake ya kulia. Mimi ninakuandikia jambo moja tu, na ninakuomba ulisome kabla hatujavuka kwenda bandarini, maana ukilisomea ndani ya boti la Kinshasa halitasaidia kitu.

Usimwache Plamedi kwetu.

Najua tulikwisha kupatana. Jumapili tulikaa uani sote, ukasema mtoto atabaki hapa mpaka upate chumba chako mwenyewe, mama yako akashindwa kuficha furaha, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mzee mwenye busara. Ulisema kwa tonton Idi, ndugu yetu kule Masina, Kinshasa, wanalala watano chumba kimoja, na mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Ukasema, "Papa, hapa mutoto iko na nafasi ya kucheza. Kule nitamufunga mu chumba sawa kuku." Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kupima mahali pa kuishi namna hiyo. Unatembea kutoka ukingo mmoja wa lupango, kiwanja chote pamoja na ua, mpaka wa pili, ukichoka kabla hujafika, basi hapo ni pazuri, leta familia.

Nilipima vibaya, Feza. Nimepima vibaya tangu ujana, na sasa ninaona unapima kwa kipimo kile kile, na atakayeumia ni mtoto wa miaka minne ambaye hakuulizwa.

Nilipokuja hapa Lubunga kutoka Ubundu nilikuwa kijana wa biashara ya samaki wa moshi. Wakati ule treni ilikuwa bado inatembea. Haikuwa kila siku, wala haikujua saa, lakini ilitembea. Nikachukua kiwanja hiki kwa sababu kiko jirani na stesheni. Wenzangu walivuka mto wakaenda kubanana Mangobo na Kabondo, mimi nikawacheka. Niliwaambia mahali treni inapoanzia hapawezi kufa, na siku reli itakapotengenezwa wote mtavuka kuja kunipigia magoti niwape kona ya kuweka meza ya biashara. Basi nikakaa kuingoja siku hiyo. Ulizaliwa ninaingoja. Kila baada ya muda walikuja mabwana wenye kofia ngumu, wakaipiga picha reli, wakaondoka, na jioni hiyo nilimwambia mama yako kwamba sasa mambo yanaanza. Yeye aliniuliza kama mboga ya pondu nipashiwe moto au nitaila hivyo hivyo. Leo mbuzi wanalala katikati ya reli, na wanapata usingizi mzuri kuliko mimi.

Nilichagua mtaa kwa vile utakavyokuwa. Kila jioni nilikaa kwenye kiti changu nikitazama duka ambalo halijajengwa na barabara ambayo haijatiwa lami, na watu halisi wakapita mbele yangu wakinisalimia na mimi nisiwatazame sawasawa. Kama ningewatazama, ningejua ni kitu gani hasa nilichokuwa nacho.

Maana sitasema uongo, hapa palikuwa pazuri. Palikuwa pazuri sana, ila si kwa sababu nilizokuwa nikizitaja mimi kwa majivuno, hewa, michikichi, ukimya, nafasi. Unajua mwenyewe jua likizama watu wa mitumbwi ya abiria wanafunga kazi. Aliyebaki upande huu amebaki, hata akiwa anakata roho, na hospitali kubwa iko ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Kila mwenye mtumbwi aliyaacha makasia nje usiku, yameegemea ukuta wa jiko upande wa barabara. Mwenye mgonjwa anachukua bila kubisha hodi, anamvusha mtu wake, kisha anarudisha. Hakuna aliyekuwa akiomba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunyimwa. Aliyeyaingiza makasia ndani alisemwa na wanawake kisimani mpaka akayatoa mwenyewe.

Mimi niliyachukua ya Papa Bosco, mvuvi wa nyumba ya tatu, mama yako aliposhikwa na uchungu wako. Sasa mtu wa treni anajua nini kuhusu kasia? Mkondo ulituchukua ulivyotaka. Mama yako alinitukana kwa Kiswahili, akanitukana kwa Lingala, na vilipokwisha akaendelea kwa lugha yao ya Yanonge. Tulitua mbali kabisa chini ya bandari, lakini tulitua, na ukazaliwa hospitalini kama mtoto wa waziri. Asubuhi Papa Bosco akaingia wodini. Nikadhani amekuja kukuona. Aliuliza mtumbwi wake uko wapi, nikamwelekeza, akatoka, halafu akarudi na samaki wawili kwa ajili ya mama yako na kuniambia, "Papa, mbele ya kuzala ingine mutoto, jifunze kwanza kuvuta kasia." Wodi nzima ilicheka. Nilikasirika siku mbili tatu, kisha nikaanza kuwa rafiki yake.

Hiyo ndiyo Lubunga uliyokulia wewe, na ndiyo unayofikiri unamwachia mwanao. Ungekuwa unamwachia ile, nisingeandika neno.

Ugomvi ulipoanza kule msituni, kwa mashamba na mipaka, kati ya watu wa upande wetu na watu wa upande wao, kabila la Papa Bosco, mimi ndiye niliyesema hautafika hapa. Nilisema hapa tumeoana, tumezaliana, tumezikana. Ulifika. Unakumbuka nyumba za avenue ya nyuma zilivyowaka, na tulivyovuka na godoro moja, wewe umembeba Plamedi mgongoni akiwa bado anatambaa. Tukaenda Mangobo kwa dada ya mama yako, tukalala wote kwenye sebule yake, na miezi yote ile sikuacha kulalamika hata siku moja. Nyumba zimebanana, jirani akikohoa unasikia. Ukitoka nje unakanyaga sahani za watu. Toleka, wale wa kubeba abiria, wanapita na baiskeli zao mlangoni kabisa kama wanataka kuingia kunywa chai. Nilikuwa kero, najua. Hata wewe uliacha kunijibu.

Lakini macho yalikuwa yanaona hata kama mdomo ulikuwa unanung'unika. Siku moja nilimtafuta Plamedi nikamkuta nyumba ya nne, amekaa juu ya mapaja ya mwanamke nisiyemfahamu, analishwa lituma, ndizi za kuponda, mashavu yamejaa. Nilipomshukuru yule mama alinishangaa, akaniuliza tangu lini watu wanashukuru kwa ajili ya lituma. Hakuniuliza tumetoka wapi. Avenue ile walikuwa wakigombana kwa ajili ya foleni ya maji kila asubuhi, matusi mazito, na mtu akifiwa wale wale waliotukanana wanatoa viti vyao barabarani na kukaa naye mpaka kunakucha. Niliyaona hayo yote na sikuyahesabu kama uzuri wa mahali. Nilikuwa ninahesabu dirisha.

Nasema dirisha kwa sababu kulikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya kwa dada ya mama yako, cha mbao, dirisha lake linatazama choo cha watu. Mama yako alikitaka. Hukuwepo siku hiyo. Alikuja akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Tubakie hapa, Papa Feza. Hapa hata nikianguka, kuko mutu atasikia." Mama yako haombi vitu. Tangu nimwoe ninaweza kukutajia alivyoniomba kwa vidole vya mkono mmoja, na hicho kilikuwa kimoja. Nikamjibu kwamba siwezi kuacha lupango wangu nikaenda kuzeekea mbele ya choo cha watu. Habari zikaja kwamba kumetulia, nikafunga godoro, tukarudi. Nilitembea mbele nikiwa na furaha, na nyinyi mkanifuata nyuma na godoro.

Kitu cha kwanza nilichokiona tuliporudi ni kuta za majiko. Zilikuwa tupu. Mitumbwi iko majini kama kawaida, imefungwa na minyororo, na makasia yamo ndani ya nyumba. Hakuna aliyetangaza kitu. Watu walitusalimia vizuri, wakatupa pole, mmoja akatuletea mkungu wa ndizi. Nikajiambia ni hofu tu, itapita, watayatoa. Nilikuwa ninangoja tena, Feza, kama nilivyoingoja treni.

Mwanzo wa mvua za mwaka huu mke wa fundi cherehani alishikwa na uchungu usiku. Wewe ulikuwa umelala kwa rafiki yako ng'ambo, na uliporudi tulikuambia kwa maneno mawili tu kwamba mtoto hakuishi. Sikukuambia yaliyobaki. Fundi alikuja kwangu kwa sababu ni mtu wa upande wetu. Tulimshusha mkewe mpaka ukingoni juu ya kiti, na mimi nikaenda kwa Papa Bosco. Nilibisha. Nilisema ni mimi, nikataja jina langu na jina la mwanamke. Ndani kulikuwa na taa, niliona mwanga wake chini ya mlango. Ukazimwa. Nikasimama pale nikibisha mlango wa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kuwa na haja ya kuubisha. Nikajaribu nyumba nyingine, na nyingine. Mwishoni tulikaa tu na yule mwanamke ukingoni, mama yako amemshika mikono, tukiziona taa za mjini ng'ambo ya pili, mpaka mitumbwi ya abiria ilipoanza kazi.

Jioni yake nilikutana na Papa Bosco njiani. Hakunikwepa, ningependa angenikwepa. Alitazama chini akasema, "Si miye, Papa Feza. Batoto yangu njo banakataza. Banasema tukitoa kasia, batu yetu batatuchomea nyumba." Ninamwamini. Ni mtu mwema yule, na ana nyumba yake ya kuogopea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yeye ni yule yule, mto ni ule ule, lupango una nafasi ile ile ya mtoto kukimbia, na hapa si mahali pa kuishi tena.

Hata baada ya hayo nilikubali umwache Plamedi. Nisamehe. Nilijiambia mtoto haelewi, atacheza na mchanga, atakula, atakua, na wewe utakuja kumchukua. Na nilimtaka pia, kwa uchoyo. Nyumba ikiwa na mtoto mtu anaweza kujifanya kwamba kuna kinachoendelea.

Leo mchana, wakati unafunga mizigo, nilimtuma kwa mama wa nyumba ya pembeni aombe kiberiti. Alikwenda mpaka kwenye ua, akasimama, akarudi mikono mitupu. Akaniuliza mimi babu yake, "Koko, ule mama ni mutu yetu ao ni mutu yabo?" Nikamwambia ni mama wa kiberiti. Akaniambia ndiyo, anajua, lakini ni wetu au wao. Hakuwa na hofu yoyote. Aliuliza kama anavyouliza ndizi imeiva au bado, ili ajue ale au asile. Nikasema nina kazi nyuma ya nyumba, nikaenda kukaa huko kwenye gogo mpaka nilipoweza kurudi na uso wa kawaida.

Hatukumfundisha, Feza. Mama yako hajawahi kulisema neno hilo mbele yake, wala mimi. Amelichukua uani, barabarani, kwa watoto wenzake, pamoja na hewa yetu nzuri. Na mtoto wa miaka minne akikaa hapa mpaka miaka kumi, akiwa na akili kama zake, atakuwa hodari sana wa kuwapanga watu. Mimi sitaweza kumzuia. Nilijaribu mara moja tu leo, nikamwambia ni mama wa kiberiti, na hata hilo halikumtosha.

Utaniambia Masina si mbinguni. Najua. Nimesikia kuhusu vijana wa mapanga, nimesikia kuhusu mafuriko, na tonton Idi mwenyewe akipiga simu hakosi kulalamikia umeme. Sikuambii unakwenda mahali pazuri. Ninakuambia jinsi ya kupatafuta, maana chumba utakachopanga utakitafuta bila mimi, na nisingependa uingie ukaanza kupima sakafu. Maji yakiingia nyumbani kwa mtu, simama utazame nani anakuja na ndoo bila kuitwa. Kwenye malewa, kibanda cha chakula cha mke wa tonton, utakutana na wanawake wanaouza chakula bega kwa bega. Angalia mmoja akiugua, jirani yake anamsaidia kuuza chakula kilicho kwenye sufuria yake au anafurahi kubaki na wateja. Zaidi ya yote sikiliza watoto wa mtaa wanavyoulizana wanapokutana na mgeni. Wakimuuliza jina, kaa. Wakimuuliza kwanza anatoka kabila gani, hata chumba kiwe na vigae na bomba la ndani, toka. Na wewe usikae ukitazama kutoka dirishani kama mkaguzi. Kopesha chumvi. Gombana kwenye foleni kidogo, inaruhusiwa. Toa kiti chako barabarani watu wanapofiwa, hata kama humjui marehemu. Mimi nilikaa mahali pazuri miaka mingi kama mtu anayengoja treni, na kitu nilichokifanya kuulinda uzuri wake sikioni.

Labda nakosea tena. Hilo nalo ninaliogopa, sitakuficha. Inawezekana nikamtoa mtoto kwenye mchanga safi nikampeleka akaumwe na mbu wa Masina, na ukanilaani kila homa itakapompanda. Nimegeuza jambo hili kila upande tangu mchana na sioni njia ambayo haina hofu. Ila hofu ya kule ninaweza kumwambia mtu. Homa ina dawa, maji yana siku ya kukauka. Hii ya hapa sijui hata tungemwita nani aje kuitazama.

Usiniambie tuje wote. Mama yako hataki kuondoka mara ya pili, ndugu zako wawili wamezikwa nyuma ya michikichi na amesema ametoka na kuwaacha mara moja, inatosha. Nami baada ya kile chumba cha Mangobo sina tena uso wa kumwamrisha wapi pa kuishi. Nitabaki naye. Kama akianguka, ni mimi nitakayesikia.

Usifikiri nimemficha mama yako. Jioni hii ulipokwenda kuwaaga rafiki zako nilimwambia yote, na la kiberiti pia. Alichukua shati la Plamedi lililokuwa safi, akalifua, akalianika juu ya jiko likauke kabla ya asubuhi. Mambo yake mengine yamo ndani ya mfuko wa bluu, chini ya mihogo yako. Usimshukuru mama yako kwa maneno, hatayaweza. Mtoto mdogo hana haja ya nafasi yake kwenye boti, atakaa juu ya mapaja yako, na chakula nilichowawekea kinawatosha wawili.

Kesho nitambeba mimi mpaka bandarini. Tumemwambia anakusindikiza, kwa hiyo atakuwa na furaha na atataka kuona injini. Wewe panda kwanza. Ukishapata mahali pa kukaa nitaingia majini na kukunyooshea mikono. Mpokee hapo hapo, Feza, usianze kuniuliza kama nina hakika, wala usitazame uso wangu. Ukikataa nitarudi naye nyumbani na sitakulaumu. Lakini ujue kwamba sina nguvu za kuinyoosha mikono hiyo mara mbili.

Papa yako